Nyumba Ishirini za Fundi Mosoti

Priscah ndiye aliyeanza kusema kwamba fundi Mosoti anawajengea watu makaburi ziwani. Alilisema asubuhi, ameinamia turubai lake akitawanya omena, dagaa wa ziwani, kwa viganja, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema sukari imepanda bei.

"Min Sheila," akamwita Lynnet kwa jina la mtoto wake, "wewe unakaa naye ukuta kwa ukuta. Hujaona? Kila sanduku la simiti analotumbukiza majini ameliandika herufi na tarehe. Niambie wewe uliyemaliza darasa la nane, ni kitu gani kingine kinaandikwa herufi za mtu na tarehe, halafu kinafichwa chini?"

Lynnet alikuwa ndani ya maji ya magoti akisugua sufuria kwa mchanga, Sheila amelala mgongoni ndani ya leso. Alijua kwamba herufi zile, M.R., ni za Mosoti Ratemo mwenyewe, na tarehe ni siku aliyomwaga simiti, kwa sababu kila fundi wa mjengo hukwaruza jina lake kwa msumari kabla kazi haijakauka. Alipomweleza Priscah hivyo, Priscah alicheka akasema basi huyo Jakisii ana roho ngumu, amejiandikia kaburi lake mwenyewe mara ishirini.

Walicheka wote wawili. Lakini maneno yale hayakubaki pale ufuoni. Kufika mchana yalikuwa yamepanda hadi kwenye kinu cha kusaga, na jioni Baba Sheila, mume wa Lynnet, aliyarudisha nyumbani kutoka kwenye mashua, yamenenepa.

Kulikuwa na sababu ya watu kuyashika. Kwenye ufuo huu wa Aluru, upande wa Nyatike, mtu hamalizi nyumba akaifunga na kuondoka. Siku paa linapokaa, usiku uo huo lazima pawe na mtu wa kulala ndani na moto wa kupikia, la sivyo nyumba itajitafutia yenyewe mtu wa kuilala. Hilo halibishaniwi, hata na wale wasiokosa kanisa. Sasa nyumba za samaki za Mosoti, yale masanduku ya simiti, zilikuwa ishirini, zimekaa chini ya maji miezi tisa, na hakuna samaki hata mmoja aliyekuwa amehamia. Halafu wiki iliyopita mvuvi mmoja aliyekuwa akikwamua wavu karibu nazo alikakamaa mguu ghafla, akazama mara mbili, akavutwa kwa nywele hadi kwenye mashua. Alipona. Lakini watu walihesabu: nyumba ishirini tupu, na mtu mmoja nusura aingie.

Kamati ya ufuo ikakaa. Mwenyekiti wake, Orwa, mtu mpole asiyependa kupigiwa kelele, alitoa uamuzi uliowaridhisha wengi. Fundi amepewa wiki tatu. Siku ya ishirini na moja kamati itakwenda kuangalia. Kama nyumba zina samaki, zitabaki, na kile kipande cha ziwa kilichofungwa tangu ziliposhushwa kitaendelea kufungwa, nyavu zisipite. Kama ni tupu, zitavutwa kwa kamba zitolewe zote, na kipande kifunguliwe kama zamani.

Mosoti alikuwepo kwenye mkutano. Lynnet aliambiwa kwamba alisikiliza hadi mwisho, akasema "sawa", akachukua kofia yake.

Huyu mzee hakuzaliwa karibu na maji. Alizaliwa kwenye vilima vya Kisii, mahali ambapo mto unausikia tu chini bondeni na mvua inanyesha kila siku baada ya saa nane. Alishuka Macalder akiwa kijana kuchimba dhahabu kama wenzake, na huko shimoni akagundua kwamba mikono yake inajua zaidi kuzuia ukuta usianguke kuliko kuchimba chini yake. Akaacha sururu, akashika mwiko. Tangu hapo alijenga vyoo vya wachimbaji, matangi ya maji, maduka, vyumba vya kupangisha, kutoka Macalder hadi Isebania mpakani. Hata ploti waliyokaa na kina Lynnet, vyumba sita kwenye mstari mmoja, ni mkono wake, ingawa na yeye alilipa kodi kama mpangaji mwingine yeyote.

Mke wake, Nyakerario, alikuwa akileta ndizi kutoka milimani na kurudi na samaki. Lynnet hakumkuta, lakini alimjua kwa vile mzee alivyomtaja. Miaka ya kwanza Nyakerario alikuwa akibeba ngege wa urefu wa mkono hadi kiwiko. Mwishoni walikuwa wa kutosha kiganja. Alikuwa akiwapanga kwenye karai na kusema, "Mosoti, hawa ni watoto. Sisi tunakula watoto." Alipofariki walimzika nyumbani, na ndugu wote walidhani mzee sasa atatulia huko, apande mahindi yake, asali Sabato na watu wake. Akakaa miezi miwili. Kisha akaonekana Aluru tena na sanduku lake la vifaa begani.

Lynnet alimuuliza siku moja kwa nini alirudi. Alisema kule nyumbani kila mtu alikuwa anamuuliza anaendeleaje. Huku watu wanamuuliza tu ukuta utakauka lini.

Kuna jambo jingine ambalo Lynnet alikuwa amelijua bila kuambiwa. Mosoti alikuwa haoni vizuri. Jicho la kushoto liliingiwa na chokaa kwenye kazi fulani huko Isebania, na la kulia lilikuwa likifunikwa polepole na kitu cheupe. Hakuwahi kulisema, maana fundi asiyeona nani atampa kazi? Lakini Lynnet alimwona akipitisha kidole gumba kwenye kona ya lipu badala ya kuitazama. Alimwona akiweka ncha ya kidole kwenye ukingo wa kikombe anapojimiminia chai. Na alikuwa amegundua kwamba mzee hamsalimii mtu mpaka mtu huyo asalimie kwanza, halafu anajibu kwa jina, kwa furaha, kana kwamba alimwona tangu mbali. Lynnet akawa na mazoea ya kusema "Habari ya asubuhi, Baba" kabla hajamkaribia. Hakumwambia mtu, hata Baba Sheila.

Ile kazi ya ziwani ilikuja na binti mmoja Mkuria, Damaris, afisa wa samaki. Alifika na mradi wa mwaka mmoja, akakaa na wavuvi akawaeleza kwamba zamani chini ya maji ya Aluru palikuwa na mawe na matete, ngege akificha wanawe humo. Mawe yalizolewa kujengea, matete yakakatwa, na nyavu za kukokota zikamaliza kilichobaki, hata sakafu ya ziwa ikawa kama uwanja uliofagiwa. Samaki mdogo hana pa kukimbilia mbuta, samaki mkubwa mla wenzake, anapokuja. Alitaka fundi wa kutengeneza maficho ya simiti. Alimpa Mosoti karatasi yenye mchoro, mifuko ya simiti, na ndoo ya plastiki iliyokatwa kitako kikabandikwa kioo, ambayo ukiizamisha kidogo juu ya maji unaona hadi chini. Kabla nyumba ya kwanza haijakauka, pesa za mradi zilikwisha na Damaris akahamishwa. Mosoti akaendelea peke yake. Mchanga ulikuwa wa bure, kokoto aliponda mwenyewe, na simiti ilikuwa imeshalipiwa.

Alizijenga kama anavyojenga. Kuta zilikuwa nyoofu, pembe kali, mlango mmoja mbele wenye kizingiti, na paa lililotokeza kidogo kama la nyumba ya mtu. Ya nne aliipiga lipu ndani. Kila moja aliinyeshea maji wiki tatu ili simiti ipoe isiwachome samaki. Baba Sheila na wenzake walipozishusha ziwani walikuwa wakimtania kwamba fundi amesahau kuweka stima, na yeye akawajibu kwamba stima italetwa mpangaji akilipa kodi.

Miezi tisa ikapita na mpangaji hakuja.

Basi, siku ya tatu baada ya mkutano, Lynnet alikuwa tena mahali pake pa kuoshea vyombo. Alikuwa ameacha sufuria ya uji ndani ya maji ili ukoko ulainike, na kando yake palikuwa na mtungi mzee wa udongo uliovunjika kitako, umelala ubavu kwenye mchanga, hata hajui uliletwa na nani. Sheila alikuwa ananyonya. Mtoto akinyonya mama hana la kufanya ila kutazama, na Lynnet akatazama.

Vifulu, samaki wale wadogo wa urefu wa kidole, walikuja kwenye sufuria kwa sababu ya uji. Walidonoa ukingoni. Walipeleka vichwa ndani, wakarudi. Hakuna aliyeingia mzima, ingawa chakula kizuri kilikuwa kitakoni. Lakini kwenye ule mtungi waliingia na kutoka kama watoto wa shule, bila chakula chochote. Halafu kivuli kikapita, mbuta mchanga, mrefu kama mkono. Vifulu wote wa sufuria walitawanyika ovyo. Wale wa mtungi waliingia kwa mdomo wakatokea kwa lile tundu la kitako, na mbuta akabaki anauzunguka mtungi kama mtu aliyepotezwa.

Lynnet alibaki pale mpaka Sheila akaachia titi mwenyewe. Kisha akaokota vyombo akaenda nyumbani, na njiani moyo ukawa unamwambia nenda, rudi, nenda. Yeye alikuwa nani wa kumwambia fundi wa miaka thelathini na sita jinsi ya kujenga?

Mosoti alikuwa amekaa nje ya chumba chake akinoa tindo.

"Habari ya asubuhi, Baba."

"Nzuri, Mama Sheila. Mtoto amelala vizuri?"

Akamweleza. Alieleza vibaya, akianzia katikati, akataja uji na mtungi na mbuta bila mpango. Mosoti aliacha kunoa. Lynnet alipomaliza alitamani kuondoka.

"Mama," akasema mzee, "nyumba yenye mlango mbele na mlango nyuma ni nyumba ya kuibiwa. Hilo nilifundishwa siku ya kwanza."

"Hiyo ni ya watu, Baba. Samaki hana redio ya kuibiwa. Yeye ndiye anayeibwa." Lynnet alijisikia akisema, akashangaa, lakini alikuwa ameshaanza. "Ukimwekea mlango mmoja, mwizi anamsubiri hapo hapo. Yeye anataka pa kutokea."

Mosoti akainuka. Aliingia ndani, akatoka na karatasi iliyokunjwa mara nne, imechakaa kwenye mikunjo. Akamkabidhi, akageuza uso upande wa barabara.

"Nisomee hiyo."

Ulikuwa mchoro wa Damaris. Sanduku lilikuwa na matundu mbele, nyuma, ubavuni, hata darini, na mshale mmoja ulioingia upande huu ukatokea upande ule. Chini palikuwa na maneno machache: samaki apite moja kwa moja. Lynnet alisoma polepole kwa sauti, na alipofika mwisho hakujua aangalie wapi.

"Karatasi hii ninayo mwaka mzima," alisema Mosoti. "Binti aliniuliza, umeona, fundi? Nikamwambia nimeona. Watu walikuwa wengi." Akapapasa ncha ya tindo. "Aliposema nyumba, mimi nikasikia nyumba."

Lynnet alikunja karatasi kama ilivyokuwa. Angeweza kusema kwamba alijua. Alisema tu kwamba siku zilizobaki ni kumi na nane, na kama ni kutoboa, Baba Sheila anarudi saa nne na hana kazi tena hadi jioni.

Baba Sheila hakukubali mara moja. Alisema wenzake watamcheka, na kwamba yeye ni mvuvi, si mtu wa mkono wa fundi. Lynnet hakubishana. Alimwekea chakula, akamtajia karatasi, na siku ya pili yake mume alikwenda na kamba mbili na rafiki mmoja. Nyumba zilikuwa na vipete vya chuma juu, Mosoti alikuwa ameviweka kwa akili ya baadaye, na maji hubeba nusu ya uzito. Walizivuta moja moja hadi kwenye maji ya kiuno, na hapo mzee akazifungua mgongo kwa tindo na nyundo.

Aliifanya kazi hiyo kwa kupapasa. Alipitisha kiganja ukutani mpaka akapata katikati, akaweka tindo, akapiga. Mara nyingi alipiga tindo. Mara chache alipiga kidole. Wavuvi waliopita walimwita fundi wa kubomoa, wakamuuliza kama sasa anawafungulia maiti dirisha wapate hewa, naye aliwajibu kwamba maiti wamelalamika kuhusu joto. Lakini Lynnet, aliyemletea uji wa mtama ufuoni, aliona jinsi alivyokuwa akishika kila kipande kilichobanduka, anakigeuzageuza, kabla ya kukiachia. Ilikuwa lipu yake mwenyewe, ile nzuri.

Simiti iliyokomaa majini miezi tisa si mchezo. Kufika siku ya kumi na moja alikuwa amefungua nyumba kumi na moja tu, na mkono wa kulia ulikuwa umevimba hadi kiwikoni. Akasema zile tisa zibaki. Samaki nao wahitaji siku za kuzizoea zilizo tayari, hakuna nyumba ambayo watu huhamia huku fundi bado anagonga. Wakazirudisha zote mahali pake, kumi na moja za matundu mbele na nyuma, tisa za mlango mmoja, na wakangoja. Siku hizo kumi Mosoti hakukaribia maji. Alikaa mlangoni kwake na mkono umefungwa kitambaa, na kila Baba Sheila alipopita alimuuliza upepo ulikuwa upande gani.

Siku ya ishirini na moja ziwa lilikuwa limetulia. Kamati walipanda mashua moja, Orwa mbele, Baba Sheila na mwenzake kwenye makasia, Mosoti katikati na ile ndoo ya kioo mapajani. Watu walijaa ufuoni. Priscah alikuwa ameacha omena zake. Wanawake walibaki nchi kavu, kwa kuwa Aluru mwanamke hapandi mashua ya uvuvi, hiyo nayo haibishaniwi. Lakini nyumba hazikuwa mbali, pale tu sakafu inapoachana na miguu, na asubuhi bila upepo sauti za mashuani zilifika wazi kama mtu anasema kwenye chumba cha pili.

Orwa akasema, "Haya, fundi. Hizi ni kazi zako. Tazama utuambie, nasi tutatazama baada yako."

Mosoti alizamisha ndoo. Akaweka uso ndani. Alikaa hivyo muda mrefu, mgongo umepinda, na Lynnet akajua kabisa alichokuwa akikiona: weupe, na chini ya weupe giza. Angeweza kusema lolote. Angesema wapo kumi, na pengine wenzake wangemwamini au wangeona wenyewe. Akatoa uso, maji yakamtiririka kidevuni.

"Sioni," alisema.

"Hakuna samaki?"

"Sisemi hakuna. Nasema mimi sioni. Macho yangu yamekufa mwaka wa nne huu, na niliwaficha."

Mtu mmoja ufuoni akaguna. Mwingine akasema kwa sauti, ili asikike, kwamba ndiyo maana duka la fulani lina ukuta wa kulewa, na kicheko kikazunguka. Mashuani hakuna aliyecheka. Mjumbe mmoja alichukua ndoo, akatazama haraka haraka kama mtu anayechungulia chumba cha mgonjwa, akasema yeye haoni kitu ila tope, na pale si pa kukaa sana. Lynnet alielewa. Wanaume hawa walivua usiku kwenye mawimbi, lakini kuweka uso juu ya nyumba tupu hawakutaka.

Alimfungua Sheila mgongoni.

"Nishikie mtoto," alimwambia Priscah.

"Unaenda wapi wewe? Min Sheila, nyumba zile hazina mwenyewe."

"Basi nikaangalie."

Lynnet alizaliwa upande wa Mbita, na msichana wa huko huogelea kabla hajajua kusonga ugali. Alijifunga leso kiunoni, akachukua jerikeni tupu la kuegemea, akaingia na gauni lake. Maji yalikuwa baridi na matiti yakamuuma. Alipofika mashuani alishika ubao, akaomba ndoo. Baba Sheila alimtazama kana kwamba anamwona kwa mara ya kwanza. Alimtazama Orwa. Orwa akasema mwanamke haruhusiwi kupanda mashua, lakini ziwa hajasikia likifungiwa mtu, mpe.

Akategemeza kifua kwenye jerikeni, akaweka uso ndani ya ndoo.

Alizipitia zote ishirini. Alichukua muda wake, akipiga miguu taratibu asitimue tope, na kila alipomaliza moja alisema namba yake kwa Baba Sheila, aliyekuwa akikata alama kwenye kasia kwa kisu. Kwenye nyumba ya saba alikaa mpaka watu wakadhani amepatwa na jambo, na Priscah akaanza kulia ufuoni na mtoto wa watu mikononi. Lynnet akainua mkono kuonyesha yu mzima. Akaendelea.

Aliporudisha ndoo meno yalikuwa yanagongana.

"Zile zilizotobolewa kumi na moja, nane zina wenyewe," alisema. "Ngege, na fulu wengi. Zile tisa za mlango mmoja hazina hata mmoja. Mkitaka tazameni wenyewe, msipige kasia kwa nguvu."

Orwa ndiye aliyetazama. Alipoinua uso alikuwa anacheka kidogo peke yake. Aliwapa wajumbe ndoo mmoja mmoja, na wale waliokuwa hawaoni ila tope sasa wakaanza kugombania zamu. Uamuzi ulitolewa pale pale majini. Nane zenye wenyewe si makaburi, mtu asiziite hivyo tena. Kipande kitabaki kimefungwa. Zile tisa zitobolewe kabla ya mvua ya vuli au zitolewe, na vijana wa ufuo watasaidia kutoboa, kwa zamu. Tatu zilizobaki zipewe muda. Kuhusu macho ya fundi kamati haikusema kitu, ila mjumbe mmoja alimwambia kando kwamba kuna daktari wa macho anakuja kwa Wakatoliki wa Asumbi mara mbili kwa mwaka, hata Msabato anatibiwa.

Mosoti aliposhuka, yule aliyetaja ukuta wa kulewa alimpa mkono, naye akauchukua, akauliza, "Nani huyu?" Ilikuwa mara ya kwanza watu wa Aluru kumsikia akiuliza hivyo.

Jioni, jua likiwa bado juu ya kilima, Lynnet alikuwa ameketi mlangoni amejifunika blanketi, Sheila ananyonya kana kwamba amenyimwa wiki nzima. Kikohozi kilikuwa kimeshaanza. Mosoti alitoka chumbani kwake akapapasa ukuta hadi akafika, bila kujificha, akaketi kwenye ndoo aliyoigeuza.

Lynnet akaanza kumsomea hesabu, nyumba moja moja, kwa sababu alidhani ndiyo aliyoijia. Ya kwanza ngege watatu. Ya pili fulu, hawahesabiki. Ya saba, akasita, kwa kuwa ya saba hakuwa ameisema yote mbele ya wanaume. Ngege jike alikuwa amesimama mlangoni, na wanawe wadogo kama punje za mtama walikuwa wametawanyika mbele yake. Kivuli cha jerikeni kilipopita yule mama alifungua mdomo, na watoto wote wakaingia ndani ya mdomo wake, akaufunga, akapita katikati ya nyumba akatokea nyuma. Baadaye alirudi akawatoa tena, mmoja mmoja.

Alikuwa ameshaanza ya nane Mosoti alipoweka mkono wake uliovimba juu ya blanketi.

"Namba nimezisikia huko mashuani, mama," alisema. "Nimejenga miaka thelathini na sita, na hakuna nyumba yangu ambayo sikuingia siku watu walipohamia. Hizi sitaingia. Rudi kwa hiyo ya saba. Nipeleke ndani polepole, unionyeshe kila kitu, na usiharakishe kutoka."